Kuchagua Chujio la Oili la Bei Nafuu kwa Gari la Mazao

Mkulima wa Kibiti au Ikwiriri mwenye gari la kuchukulia korosho, nazi na mpunga yampasa kujua ya kuwa si kila chujio la bei ndogo ni baya. Lililo baya ni lile lisilolingana na injini yake, na hilo laweza kumpotezea gari katikati ya msimu.

Chujio hilo, ambalo mafundi huliita filta, ni kopo lenye karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa. Karatasi huzuia chembe za chuma na mchanga zisirudi katika injini pamoja na oili. Katika machujio mengi mna pia vilango viwili. Kimoja, cha mpira, huzuia oili isiteremke injini inapozimwa; kikiwa kibovu, injini hugonga kwa sekunde kadhaa iwashwapo asubuhi. Cha pili hufunguka karatasi inapoziba, ili injini isikose oili kabisa. Kwa hiyo mtu asiseme ya kuwa madhali gari linakwenda, chujio lake lingali zima. Lililoziba hupitisha oili chafu bila kuichuja, na vyuma huliwa kidogo kidogo.

Uendapo dukani, chukua chujio la zamani au namba yake. Jambo kubwa ni hesi, yaani meno ya tundu la katikati. Magari mengi ya Toyota hutumia hesi ya robo tatu ya inchi. Magari mengine hutumia ya milimita 20. Kwa macho hufanana mno, na chujio la milimita 20 huingia katika hesi ya robo tatu ya inchi, lakini hushika kwa ulegevu. Msukumo wa oili ukizidi, laweza kufyatuka njiani. Oili humwagika yote, na dereva asipozima upesi injini hufa.

Kisha tazama mpira wa mdomoni: uwe laini, na upana wake uwe sawa na wa zamani. Boksi lenye jina kubwa si ushahidi, kwani boksi nalo huigwa. Wenye magari ya namna moja wakichanga fedha, wanunue chujio moja la bei nafuu, walikate kwa msumeno na kuitazama karatasi. Ikiwa imebanduka, au mikunjo yake ni michache na imelala upande, aina hiyo waiache.

Kuosha chujio la zamani kwa petroli na kulirudisha si kuokoa fedha hata kidogo. Afadhali jipya la bei nafuu, libadilishwe kila oili inapobadilishwa.

Mafuriko ya Mto Rufiji ya mwaka 2024 yametukumbusha hatari nyingine. Gari lililopita katika maji mengi lisiwashwe kabla ya kutazama kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama tui, imeingia maji: imwagwe ndani ya debe, si mtoni wala kwenye mikoko, na chujio libadilishwe papo hapo, kwa maana maji huidhoofisha karatasi.

Wakati wa kufunga, hakikisha mpira wa zamani haukubaki umegandama kwenye injini. Paka oili kidogo mpira mpya, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Washa injini, uiname kutazama kama panavuja.