Somo la Redio: Vitu Vidogo Mno na Kazi Zake

Anayesoma vizuri na asome kwa sauti, na wengine wafuate kwa kidole.

Leo tutajifunza habari za vitu visivyoonekana kwa macho, lakini vyenye kazi kubwa.

Tazameni rula. Nafasi iliyo kati ya mistari miwili midogo ni milimita moja. Fikirini kwamba milimita hiyo imegawanywa mafungu milioni moja yaliyo sawa. Fungu moja ndilo nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe zisizozidi nanomita 100 huitwa chembe za nano.

Kwa nini wataalamu hujisumbua na udogo huo? Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza yajulikana jikoni. Gogo zima halishiki moto upesi. Lipasue kuwa vibanzi, nalo litawaka mara moja. Mti ni ule ule, lakini sehemu zinazoguswa na moto zimeongezeka. Vivyo hivyo, kitu kikigawanywa kuwa chembe za nano, hupata sehemu nyingi mno za kugusa vitu vingine na kuvinasa.

Sababu ya pili ni ya ajabu zaidi. Mwajua kwamba ngoma kubwa hutoa sauti nzito, na ngoma ndogo hutoa sauti nyembamba. Basi, ziko chembe ziitwazo nukta za kwantamu. Zikimulikwa, hutoa rangi kwa kadiri ya ukubwa wake. Zile ndogo hutoa rangi ya buluu, na zile kubwa zaidi hutoa nyekundu, ingawa zimetengenezwa kwa kitu kile kile. Mwaka 2023 Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya nukta hizo. Siku hizi hutumika katika baadhi ya televisheni ili rangi zing'ae. Lakini nyingine zina kadimiamu, ambayo ni sumu. Kwa hiyo msichome moto televisheni mbovu.

Sasa tuje kwenye maji ya kunywa. Katika sehemu nyingi za Arusha, maji hupita katika mawe ya volkano na kuchukua floraidi. Floraidi ikizidi, meno ya watoto hutiwa madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa huweza kupinda. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja.

Je, kuchemsha maji hakutoshi? Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema. Lakini floraidi haifi, kwa kuwa haina uhai. Maji hupungua kwa mvuke, na floraidi hubaki sufuriani.

Dakta Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia wa Tanzania, alitengeneza chujio lenye mchanga pamoja na vitu vya nano. Mchanga huzuia uchafu, na vitu vya nano hunasa vile vilivyopita. Mwaka 2015 alipata tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Hata hivyo, chujio ni kama gunia: likijaa, halipokei tena. Kabla ya kununua chujio lolote, ulizeni mambo mawili. Linaondoa nini? Libadilishwe lini? Tena maji yenu yapimwe kwanza, maana floraidi haionekani. Msingoje. Meno ya mtoto huharibika yangali ndani ya ufizi, na yakiisha kuota na madoa, kusafisha maji hakutayaondoa.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini vibanzi huwaka upesi kuliko gogo?
2. Kuchemsha maji huondoa nini, na hakuondoi nini?
3. Maji mnywayo hutoka wapi, na nani ameyapima?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.