Keria ya nyuma na mifuko ya pembeni: tazama kabla ya kununua

Mwenzetu mmoja katika kundi letu la kuwatembelea wagonjwa alivunjika mkono mwaka jana, na kilichomvunja ni kikapu. Tulikuwa wanne, tumetoka kumhudumia bibi mmoja aliyepooza, tunarudi mjini Ifakara kwa baiskeli. Kikapu chake kilikuwa kimefungwa ubavuni mwa keria kwa vipande vya tyubu. Njiani mpira ukalegea, kikapu kikainama taratibu bila mwenyewe kujua, ukingo wake ukaingia katika spoku. Gurudumu la nyuma likasimama ghafla, baiskeli ikaserereka, naye akaangukia mkono.

Wiki sita alikaa na plasta. Mama msomaji, wewe unajua wiki sita bila mkono wa kulia maana yake nini katika nyumba yenye watoto wanne. Maji alichota mtoto wa darasa la tano kabla ya kwenda shule. Ugali ulisongwa na baba, na tunampa heshima yake, ingawa watoto walilalamika.

Tulipoitazama ile keria baadaye tuliona aibu, maana sisi sote tulikuwa tumeipita kila wiki bila kuiangalia. Ilikuwa na nguzo moja nyembamba kila upande, bolti moja ilikuwa imekwisha kuanguka na mahali pake pamefungwa waya, na kati ya nguzo na gurudumu hapakuwa na kizuizi chochote. Keria ya namna hiyo ilitengenezwa ili mzigo ukae juu. Mwenzetu alikuwa ameugeuza kuwa mzigo wa pembeni, kama tunavyofanya wengi wetu, kwa sababu mzigo wa juu humsumbua mwanamke. Ukiwa umevaa kitenge huwezi kurusha mguu juu ya gunia.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama, kabla ya rangi na kabla ya bei, ni ubavu wa keria. Mifuko ya pembeni inahitaji chuma cha kuegemea. Keria inayofaa ina nguzo mbili au tatu kila upande, zilizoachana kwa chini kama herufi V, au ina kitanzi cha chuma kinachoshuka kando ya gurudumu. Sukuma kwa kiganja mahali mfuko utakapolala. Kiganja kikifika kwenye spoku, mfuko nao utafika. Kwa akina mama wanaovaa khanga na magauni mapana kitanzi hicho kina faida ya pili, kwani upindo wa nguo hauvutwi na gurudumu kwa urahisi.

Jambo la pili ni urefu wa keria kwenda nyuma. Panda baiskeli ikiwa imesimama kwenye stendi, mfuko umetundikwa, nawe umevaa viatu unavyovaa kila siku, kisha zungusha pedeli. Kisigino kikigonga mfuko kila mzunguko, utachoka kabla ya kufika, na siku moja mguu utateleza kwenye pedeli. Mfuko usogezwe nyuma kidogo. Lakini usisogezwe kupita kiasi, maana uzito mwingi ukivuka ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huanza kucheza. Vitu vizito viwe chini ya mfuko na karibu na mpanda baiskeli, vyepesi juu, na pande mbili zilingane. Tumewahi kubeba unga wote upande mmoja na nguo upande wa pili. Tulifika, lakini tulifika tumepinda.

Sasa uzito wenyewe. Keria nyingi za dukani zimepigwa mhuri wa kilo, na namba inayoonekana mara nyingi ni 25. Akina mama wengi hawaitazami. Sisi tulipata njia rahisi. Ile mizani ya kuning'inia ya kupimia watoto kliniki, yenye suruali ya kumwingiza mtoto, inaishia kilo 25 pia. Siku moja baada ya kliniki tulitundika mifuko yetu mmoja mmoja. Tulidhani tunabeba kama kilo 10. Kwa unga, sabuni, chupa za maji, mafuta ya kupaka, shuka za akiba na kitabu cha kumbukumbu, mmoja wetu alikuwa na kilo 23. Kumbuka pia kwamba ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20 kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe. Ukikosa mizani, nenda kwa muuza nafaka sokoni umwombe akupimie.

Ipo keria nyingine inayokuja na baiskeli za mtumba, ile inayobanwa kwenye bomba la kiti tu, bila nguzo za kushuka kwenye ekseli. Ni nzuri kwa macho. Nyingi zimeandikwa kilo 10 au pungufu, na hazikukusudiwa kutundikwa mifuko. Mzigo ukizidi, keria huzunguka kushoto na kulia kama mkia. Ukiuziwa baiskeli yenye keria hiyo, mwambie fundi aiondoe na akufungie yenye nguzo.

Kuhusu chuma au aluminiamu, hapa tunasema wazi tunavyoona sisi. Aluminiamu ni nyepesi na haili kutu, na kwa mwanamke wa mjini anayekwenda kazini kwa njia ya lami inatosha kabisa. Lakini ikikatika kijijini, fundi wa kawaida wa kuchomelea hawezi kuiunga. Ya chuma ni nzito zaidi, nayo huhitaji rangi kila baada ya masika, ila inachomelewa popote penye fundi na umeme. Kwa barabara zetu za mashimo sisi tumechagua chuma. Fundi akikutengenezea, mpelekee mifuko yako siku hiyohiyo, kwa sababu kulabu zilizotengenezwa kwa bomba jembamba hukataa kuingia kwenye nondo nene, na zikiwa pana mno mfuko hurukaruka hadi uchomoke.

Mifuko yenyewe si lazima inunuliwe. Fundi cherehani anaweza kuishona kwa turubai. Sharti moja: upande unaoelekea gurudumu uwe na kitu kigumu ndani, kipande cha ubao mwembamba au cha dumu la plastiki lililokatwa, ili mfuko usipinde kuelekea spoku. Na uwe na mkanda wa kuufunga kwa chini, maana kulabu za juu pekee haziuzuii kupepea. Ncha za mikanda zifungwe. Mkanda unaoning'inia ni hatari ileile ya khanga.

Tunaomba tuongeze neno juu ya watoto, kwa kuwa hapa ndipo sisi wauguzi tunapoona mengi. Mtoto akipakiwa kwenye keria isiyo na kizuizi, miguu yake hutafuta pa kukaa na hukuta spoku. Kisigino husagwa. Ikitokea, usimvute mguu wala usisukume baiskeli mbele. Mshike mtoto, zungusha gurudumu kinyumenyume polepole, na likikataa, zikatwe spoku. Spoku hununuliwa. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, inua mguu, na umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama unaona ni mchubuko tu. Ngozi iliyosagwa huonekana nzima siku ya kwanza, kisha huwa nyeusi na kufa baada ya siku kadhaa, na mfupa unaweza kuwa umepasuka chini yake. Kituoni wataangalia kama anahitaji picha ya eksirei na kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Yule anayebandikwa majani na kungojwa nyumbani ndiye tunayempokea wiki ya pili akiwa na kidonda cha kunuka.

Mtoto apewe kiti chake chenye mgongo, mkanda, na mahali pa kuwekea miguu palipozibwa pande zote mbili. Na siku ya kumbeba mtoto, mifuko ibaki nyumbani. Mtoto wa kilo 15 na mifuko ya kilo 15 ni kilo 30 juu ya keria ya kilo 25, na kiti chenyewe bado hatujakihesabu.

Bolti za keria hulegea kwa mtikisiko, hata zikiwa mpya. Nyingi ni za milimita 5 au 6, na vichwa vyake hushikwa kwa spana namba 8 au 10. Spana hizo mbili zinaingia katika mfuko wa aproni. Sisi tunazikaza kila Jumamosi jioni, na kila bolti ina washa ya springi.

Mwenzetu alipotolewa plasta alikwenda kwa fundi na mifuko yake miwili mkononi. Fundi akamwonyesha keria nene. "Mama, hii inabeba gunia la mkaa."

"Sibebi mkaa, mwanangu," akamjibu. "Nionyeshe ubavu wake."

Akaweka kiganja, akasukuma, akaikataa. Ya tatu ndiyo aliyoichukua, akamwomba fundi achomelee kitanzi kila upande. Alingoja pale mpaka rangi ikakauka.