Kinga ya Mwanamke na Kromosomu ya Pili

Aghalabu mwanamke huhesabiwa kuwa dhaifu wa mwili, ilhali katika kupambana na vijidudu maumbile yamemjaalia silaha kali kumpita mwanamume: chanjo nyingi, na ile ya mafua miongoni mwazo, humzalishia kingamwili kwa wingi zaidi, na kifua kikuu huwaandama wanaume kuliko wanawake. Lakini nguvu hiyo ina gharama, nayo ni nzito. Kwani lupasi, maradhi ambayo kinga huugeukia mwili inaoulinda, ikaunguza viungo, ngozi na hata figo, huwapata wanawake 9 hivi kwa mwanamume 1.

Homoni zina sehemu yake, wala sikanushi. Hata hivyo, ushahidi unaonikinaisha zaidi umo ndani ya chembe. Mwanamke hurithi kromosomu mbili za X, mwanamume hurithi moja pamoja na Y. Na mwaka 1961 Mary Lyon wa Uingereza, baada ya kutafakari rangi za manyoya ya panya, alitoa rai kwamba katika kila chembe ya jike X moja hunyamazishwa. Rai ilithibiti, ila kunyamaza kwenyewe si kamili: jeni iitwayo TLR7, ambayo kazi yake ni kuvitambua virusi, huendelea kufanya kazi kutoka X zote mbili katika baadhi ya chembe za kinga. Mwaka 2022 watafiti walieleza habari za mtoto wa kike aliyeugua lupasi vikali kwa hitilafu moja tu ya jeni hiyo. Na wanaume waliozaliwa na X ya ziada, yaani XXY, hatari yao ya kupata lupasi ni takriban mara 14 ya wanaume wengine, ikikaribia ile ya wanawake.

Kwa hiyo nasikitika sana nikikumbuka kwamba mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza wanawake walio katika umri wa kuzaa wasishirikishwe katika majaribio ya awali ya dawa, kwa hofu ya kudhuru mimba, na agizo hilo halikuondolewa hadi 1993; ikawa miaka 16 vipimo vingi vya dawa vimekadiriwa kwa miili ya wanaume, kisha wakaandikiwa wagonjwa ambao kinga yao, ini lao na figo zao hazikuwa zimeulizwa neno.