Kimanga: Chakula kiliwazacho moyo, lakini kipike ipasavyo

Kuna siku ambazo mtu hatamani nyama ya kuchoma wala chipsi. Labda umetoka kuugua malaria, umefiwa au umechoshwa na kazi, na unachotaka ni chakula laini na cha moto kama ulichopikiwa utotoni. Waitalia wa kaskazini wana risotto, wali unaokorogwa ndani ya supu mpaka ulainike. Watu wa Pwani wana mashendea. Nako Ronge na kwingineko katika milima ya Taita, ambako baridi na ukungu hutanda Juni hadi Agosti, kuna kimanga: muhogo na maharagwe vilivyochemshwa na kupondwa pamoja.

Je, kimanga kina faida gani mwilini? Muhogo hukupa wanga, yaani nguvu, lakini protini yake ni haba mno. Anayekula muhogo mtupu kila siku hushiba huku mwili wake ukizidi kudhoofika. Maharagwe huliziba pengo hilo kwa protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi zinazosaidia choo. Isitoshe, chakula kilichopondwa humfaa mzee asiye na meno na mgonjwa anayeanza kupata nafuu.

Kipike hivi

Loweka kikombe kimoja cha maharagwe usiku kucha, kisha umwage maji hayo. Tia maji mapya, yaache yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, halafu endelea kupika mpaka yalainike kabisa. Maharagwe mekundu yasiyoiva vyema yana sumu inayosababisha kutapika na kuhara.

Muhogo nao unataka uangalifu, kwani una kemikali zinazoweza kutoa sumu ya sianidi. Nunua aina tamu, iliyong'olewa karibuni. Menya ganda la nje pamoja na lile nene la ndani, ukate vipande, utoe uzi wa katikati na uvioshe. Chemsha kwa maji mengi bila kufunika sufuria mpaka viive, kisha umwage maji. Muhogo ukiwa mchungu, utupe. Wala usiwaruhusu watoto kuutafuna mbichi.

Sasa changanya na maharagwe, uponde kwa mwiko juu ya moto mdogo. Ongeza kitunguu na nyanya zilizokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, na chumvi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, kwa vyakula vyote alivyokula.

Kula pamoja na mchicha au sukuma wiki, na kipande cha chungwa. Vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma kilicho katika maharagwe. Chai, kwa upande mwingine, huzuia chuma hicho. Basi subiri saa moja hivi kabla ya kunywa, hasa ikiwa wewe ni mja mzito au una upungufu wa damu.

Nani ajihadhari?

Mwenye kisukari hakatazwi kimanga, bali apime. Robo ya sahani yatosha. Nusu nzima iwe mboga za majani. Mwenye maradhi ya figo azungumze kwanza na daktari wake, kwa kuwa maharagwe na muhogo vina potasiamu nyingi.

Kiporo kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kiweke kwenye friji, na kesho ukipashe moto mpaka kifuke mvuke hadi katikati.

Mwisho, msomaji, kumbuka kwamba chakula huliwaza lakini hakitibu kila kitu. Mtu akipoteza hamu ya kula, au akila bila kiasi kila anapohuzunika, na hali hiyo ikiandamana na kukosa usingizi au kukata tamaa kwa wiki mbili au zaidi, huenda ana ugonjwa wa sonona. Akipungua uzito bila sababu, huenda kuna maradhi mengine mwilini. Usimwongezee sahani tu ukadhani umemsaidia. Mpeleke hospitali. Na akianza kuzungumzia kujiua, usingoje wiki mbili wala siku mbili: mpeleke leo hii, na usimwache peke yake.