Nani Ashike Ufunguo wa Ukingo wa Mto?

Jioni moja nilikuwa Wapping, mashariki mwa London, nikiifuata njia ya waenda kwa miguu kando ya mto Thames. Kulia maji, kushoto ukuta wa matofali wa ghala la zamani ambalo siku hizi ni nyumba za kuishi. Sikwenda mbali nikakuta lango la chuma limefungwa. Mama aliyekuwa mbele yangu akisukuma kigari cha mtoto alilitikisa mara moja, akageuza, akanipita bila neno. Dirisha la chini lilikuwa wazi. Ndani nikaona kitanda kimetandikwa na glasi ya maji mezani, hatua mbili tu kutoka niliposimama. Nikamhurumia mama yule. Nikamwelewa pia mwenye kitanda.

Katikati ya jiji shida hii ni ndogo. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga pale Victoria Embankment, iliyofunguliwa mwaka 1870, na kati ya majengo na mto pakawa na barabara. Wapping ilikuwa bandari. Maghala yalisimama mpaka majini ili mizigo ipandishwe moja kwa moja kutoka kwenye matishari, na watu wa kawaida waliufikia mto kwa ngazi za mawe zilizopenya kati ya kuta. Wapping Old Stairs ipo hadi leo. Maji yakipwa unaweza kushuka hadi kwenye mchanga. Biashara ya meli ilipohamia karibu na bahari, maghala yakageuzwa fleti, na wapangamiji wakaona nafasi: anayeomba kibali atoe ukanda wa njia mbele ya jengo lake. Ndivyo njia ilivyoshonwa, kiraka kwa kiraka. Thames Path ilizinduliwa rasmi mwaka 1996, ikiwa na urefu wa karibu kilomita 300, lakini ukiwa Wapping bado inakutoa mtoni mara kwa mara na kukurudisha barabarani nyuma ya majengo.

Chombo kinachotumika huko ni kifungu cha 106 cha sheria ya mipangomiji ya Uingereza ya mwaka 1990. Halmashauri huingia mkataba na mwenye ardhi, na mkataba huo unaifuata ardhi hata nyumba ikiuzwa mara kumi. Lakini mkataba una nguvu ya maneno yaliyomo tu. Ukisema umma upite, ukanyamaza kuhusu saa, taa, ufagiaji na mwenye ufunguo, umeacha ugomvi kwa watakaohamia baadaye. Tena sheria hiyohiyo inamruhusu mwenye ardhi, baada ya miaka 5, kuomba masharti yabadilishwe. Fikiria siku ya maombi hayo. Wakazi watakuja na hofu ya kweli: mtu aliyeonekana dirishani usiku, chupa zilizovunjwa mlangoni. Mama mwenye kigari hatakuja. Anaishi mtaa mwingine, na hakuna aliyemwambia kuna kikao. Huo ndio mwanya ninaouogopa kuliko kufuli lenyewe.

Je, lango linaleta usalama? Mwaka 1972 Oscar Newman, msanifu majengo wa Marekani, alieleza kwamba mkazi hulinda eneo analolihisi ni lake, na mipaka iliyo wazi humsaidia. Mwandishi Jane Jacobs alikuwa ameshaandika mwaka 1961 kwamba mtaa hulindwa na macho ya watu, wanaopita na wanaokaa. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kufundishwa hilo: wazee wakiwa barazani, nani atavunja mlango wa jirani? Mimi nawaamini wote wawili, kila mmoja kwa saa yake. Saa moja jioni macho yapo. Saa tisa usiku, kwenye njia isiyo na duka wala kibanda, hayapo, na kumwambia mkazi avumilie ni kumwonea.

Kufunga usiku kwa hiyo kunaweza kuwa haki, ila kufungwe kitaalamu. Njia iliyofungwa upande mmoja tu ni mtego: aliyeingia hana pa kutokea, na anayemvizia analijua hilo. Malango yote ya kipande kimoja yafungwe kwa saa ileile, baada ya mtu kupita kuhakikisha hakuna aliyebaki ndani, na saa ziandikwe kwenye lango la kwanza, asije mtu akazigundua kwenye la mwisho.

Lakini kazi kubwa ingefanyika kwenye mchoro. Sakafu ya chini ikiinuliwa kama mita moja juu ya njia, mpita njia haoni kitanda, na mkazi akisimama dirishani anaiona njia yote. Ukanda wa mimea yenye miiba chini ya dirisha unamweka mtu mbali bila ukuta. Milango ya nyumba ielekee mtoni. Mkahawa ukiwekwa kwenye kona unaleta macho hadi usiku. Hayo ni nafuu kabla ya msingi kuchimbwa; baada ya hapo kinachobaki ni kufuli.

Kwetu Tanzania tuna ukanda wa mita 60 wa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ndani yake shughuli za kudumu zimezuiwa kwenye kingo za mito na fukwe. Kuzuia ujenzi ni jambo moja. Kumpa mtu njia ya kufika kwenye ukanda huo, na saa za kuitumia, ni jingine. Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako wakazi wamekuwa wakihamishwa kwa sababu ya mafuriko, limepangiwa kuwa na bustani ya umma. Pembeni yake patajengwa, na watakaokaa huko watataka kulala kwa amani. Idadi ya malango, saa za kufunga, taa, na ofisi itakayoshika ufunguo viandikwe sasa, kabla kiwanja cha kwanza hakijapata mwenyewe.