Ufadhili wa chuo: Jua kipi ni cha bure na kipi ni deni

BARUA ya kujiunga na chuo imefika. Mamako amepiga vigelegele, wewe umeweka picha yake kwenye status, marafiki wanakupongeza. Halafu unafungua ukurasa wa karo, na nyumba nzima inanyamaza.

Tulia kwanza. Pesa za kukusaidia zipo, lakini hazitoki mfuko mmoja, na si zote ni za bure. Wengi hugundua hilo wakati wameshamaliza chuo, HELB inapoanza kudai chake.

Tangu 2023, serikali haitoi tena pesa sawa kwa kila mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma. Unatuma ombi kwenye tovuti ya HEF, hali ya familia yako inapimwa, kisha unawekwa katika mojawapo ya bendi tano. Aliye bendi ya kwanza hulipiwa asilimia 70 ya gharama ya kozi kama ufadhili, asilimia 25 ni mkopo, na familia hutoa 5. Bendi ya tano ni ufadhili asilimia 30, mkopo 30, na familia 40.

Ufadhili hutoka Hazina ya Vyuo Vikuu na haurudishwi. Mkopo ni wa HELB, na huo utaulipa.

Hebu tupige hesabu. Chukulia kozi yako inagharimu Sh200,000 kwa mwaka na uko bendi ya tatu. Ufadhili ni nusu, yaani Sh100,000. Mkopo wa karo ni Sh60,000. Familia inabaki na Sh40,000.

Hiyo Sh40,000 ndiyo huwatoa watu jasho, na hapo ndipo basari huingia. Peleka ombi kwa ofisi ya NG-CDF ya eneobunge lenu na jingine kwa kaunti. Tuseme CDF imekupa Sh10,000 na kaunti Sh8,000. Salio ni Sh22,000, au Sh11,000 kwa muhula. Mzigo umepungua, ingawa haujaisha.

Sasa geukia chuo chenyewe. Vyuo kadhaa, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwemo, vina mpango wa kufanya kazi huku ukisoma. Unapewa saa chache katika maktaba, ofisi au jikoni, na malipo yanasaidia kupunguza karo. Uliza pia kuhusu basari ya chuo katika ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi. Usingoje ufungiwe nje ya chumba cha mtihani ndipo ubishe hodi.

Kuna jambo moja ambalo wengi huliruka. Ile pesa ya matumizi inayoingia kwenye simu, ile ambayo mabinti na mabarobaro husherehekea wikendi nzima, ni mkopo pia. Katika bendi ya tatu ni Sh50,000 kwa mwaka. Jumlisha na mkopo wa karo upate Sh110,000. Kwa kozi ya miaka minne utakuwa na deni la Sh440,000, kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukikwepa kulipa, faini ni Sh5,000 kila mwezi. Kwa hivyo kabla ya kununua viatu vipya, kumbuka nani atavilipia.

Mambo mengine ya kuzingatia: mkopo huombwa upya kila mwaka, kwa hivyo usijisahau. Ukiona bendi uliyopewa hailingani na hali ya nyumbani, kata rufaa. Na ikiwa KUCCPS imekupeleka chuo cha kibinafsi, huna ufadhili wa serikali. Unaweza kuomba mkopo tu.

Mfumo huu wenyewe umezua kesi. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Kwa hivyo fuatilia matangazo rasmi, si uvumi wa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Leo jioni chukua daftari, keti na mzazi wako, mchore safu tatu: cha bure, cha kurudisha, na cha kutoka mfukoni. Jazeni tarakimu. Safu ya mwisho ikiwazidi nguvu, mjue mapema, kabla muhula haujafunguliwa, wakati bado kuna milango ya kubisha.