Punda wa Phaedrus na Mwanahistoria wa Roma

Mwaka 25 baada ya Kristo, Aulus Cremutius Cordus alishtakiwa mbele ya Seneti ya Roma kwa sababu ya historia aliyoiandika. Ndani yake alimsifu Brutus, na kumwita Cassius Mrumi wa mwisho. Wawili hao ndio walioongoza njama ya kumuua Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo. Waliomshtaki walikuwa watu wa Sejanus, mkuu wa walinzi wa Kaisari Tiberius. Cordus alijitetea, akarudi nyumbani, akajinyima chakula hadi akafa. Seneti ikaamuru vitabu vyake vichomwe moto. Binti yake, Marcia, akaziokoa nakala, nazo zikasomwa tena chini ya Kaisari Caligula.

Sejanus huyohuyo alimwandama Phaedrus, mtumwa aliyeachwa huru na Kaisari Augusto. Phaedrus alitunga kwa mashairi ya Kilatini hadithi za wanyama, akifuata nyayo za Esopo, mtunzi wa hadithi wa kale ambaye naye husemwa kuwa alikuwa mtumwa. Alieleza mwenyewe chanzo cha hadithi hizo: mtumwa asiyethubutu kusema ya moyoni huyafumba. Fumbo halikumkinga. Analalamika kwamba mshtaki wake, shahidi na hakimu wote walikuwa Sejanus mmoja.

Hadithi yake moja ni ya mzee anayelisha punda malishoni. Ghafla maadui wanasikika. Mzee, roho mkononi, anamhimiza punda wakimbie wasije wakatekwa. Punda hatikisiki. Anauliza: hao wakinishika, watanitwika mizigo miwili kwa mpigo? Mzee anakiri kwamba sivyo. Basi, asema punda, yanihusu nini ninamtumikia nani, maadamu mzigo ni uleule?

Hapo ndipo waandishi hawa wanapoachana, na si kwa mtindo tu. Cordus aliililia Jamhuri iliyotangulia makaisari, zama ambazo watu wa tabaka lake ndio walioshika hatamu. Aliilipia kwa uhai wake, na heshima hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini katika Jamhuri hiyo mtumwa alikuwa mtumwa, akiuzwa na kupigwa vilevile. Kwa Phaedrus, utawala ukibadilika, maskini hubadilishiwa jina la bwana tu. Jambo hilo Cordus, kwa ujasiri wake wote, hakuwa mahali pa kuliona.

Historia ya Cordus imetufikia vipandevipande. Hadithi nyingi za Phaedrus zipo hadi leo. Anayetaka kuijua Roma ya makaisari asiishie kwa Cordus. Amsome na Phaedrus.